Makufuli ya duara: jinsi ya kupima lipi gumu kuchokonolewa

Kufuli likikatwa kwa mkasi wa chuma au grenda, asubuhi kila mtu anaona. Likichokonolewa, yaani likifunguliwa bila ufunguo kwa vyuma vyembamba, mwenye duka anakuta kufuli zima, mlango umefungwa vizuri, na mzigo umepungua. Anayeshukiwa kwanza ni kijana wa dukani au mlinzi. Kwa sababu hiyo peke yake, ugumu wa kuchokonolewa unastahili kupimwa kando na ugumu wa chuma. Makufuli ya duara ndiyo yanayopotosha watu zaidi hapa: umbo lao lilibuniwa kuushinda mkasi, na mnunuzi akiliona hilo huamini limeshinda kila kitu.

Kinachofuata ni namna ya kulinganisha makufuli mawili, matatu au manne ya aina hii mezani, kwa vifaa vya bei nafuu, na kupata jibu linaloaminika. Utahitaji makufuli uliyoyanunua mwenyewe. Usijaribu kamwe kwenye kufuli la mtu mwingine, wala kwenye kufuli linalolinda mlango sasa hivi, maana pini zinaweza kuharibika ukabaki nje ya duka lako. Sheria za adhabu za Tanzania na za Kenya zinakataza pia kukutwa usiku na vyombo vya kuvunjia nyumba bila sababu halali. Kwa hiyo vifaa vikae kwenye kisanduku cha kazi nyumbani au karakanani, si mfukoni.

Duara ni umbo tu

Kampuni ya ABUS ya Ujerumani ilitoa kufuli la Diskus mwaka 1949. Wazo lake ni rahisi na la busara: maganda mawili ya chuma kisichoshika kutu yanaunganishwa yawe sahani nene, na upinde, kile chuma kinachopita kwenye masikio ya mlango, unazunguka ndani ya sahani hiyo. Nje hubaki uwazi mdogo tu, wa kutosha kupitisha masikio ya mlango. Taya za mkasi wa chuma hazipati pa kuuma. Ukubwa uliozoeleka ni kipenyo cha milimita 70 na upinde wa milimita 10 hivi. Umbo hilo limeigwa na viwanda vingi, na leo utayakuta makufuli haya kwenye makontena, mageti, maghala na milango ya kukunja ya maduka.

Lakini ganda ni nyumba. Anayekaa ndani ni silinda, sehemu inayopokea ufunguo, na kiwanda kinaweza kuweka silinda yoyote. Makufuli mawili yanayofanana kama mapacha, yenye kipenyo kilekile na mng'ao uleule, huweza kuwa moja linafunguka kwa kukwanguliwa sekunde ishirini na jingine linamkatalia fundi saa nzima.

Kuna mkanganyiko wa jina wa kuondoa mapema. Kuitwa kufuli la sahani hakumaanishi kwamba ndani yake mna silinda ya visahani. Silinda ya visahani ni ufundi wa Emil Henriksson wa Finland, wa mwaka 1907, uliokuja kuwa msingi wa makufuli ya Abloy. Makufuli mengi ya duara hayana ufundi huo. Yana pini za kawaida zenye springi. Baadhi yanao: ABUS Diskus 20/70, kwa mfano, hutumia silinda ya visahani ambayo kampuni inaiita Plus. Muuzaji akikuambia “hii ni ya disk”, muulize anasema juu ya umbo au juu ya silinda. Mara nyingi hajui, kwa hiyo angalia mwenyewe.

Hatua ya 1: tambua kilicho ndani bila kulifungua ganda

Anza na ufunguo. Ufunguo bapa wenye mabonde ya umbo la V upande mmoja ni wa pini. Ufunguo ulio kama nusu ya mviringo, wenye mikato iliyolala kwa pembe tofauti, ni wa visahani. Ufunguo mwembamba wa bati, wenye mikato midogo pande zote mbili, huenda ni wa vibati, yaani vipande vyembamba vya bati badala ya pini. Kufuli hilo lirudishe rafuni, halina haja ya kupimwa.

Kisha chukua tochi na waya mwembamba, uchungulie tundu la ufunguo. Kwenye Diskus na yanayoiga umbo lake, tundu hilo liko ukingoni, upande unaotazamana na upinde. Sukuma kwa waya kile kinachoonekana mbele. Kikirudi chenyewe kwa springi, ni pini. Kikizunguka kidogo na kubaki pale ulipokiacha, ni kisahani, kwa sababu visahani havina springi.

Kwa silinda ya pini, hesabu mabonde ya ufunguo. Manne ni pini nne, matano ni tano. Usiishie kwenye idadi. Linganisha kina cha bonde na cha jirani yake. Ufunguo ambao mabonde yake yote yana kina cha karibu sawa ni dhaifu, hata kama ni wa pini sita: kitu chochote kilichonyooka kinaweza kuziinua pini zote pamoja. Ufunguo mzuri una bonde refu lililokaa kando ya fupi, ili anayechokonoa alazimike kupita chini ya pini inayoning'inia kuifikia iliyojificha nyuma yake.

Angalia pia umbo la tundu. Lililonyooka na pana humruhusu mtu kuchezesha kulabu apendavyo. Lenye kona, ambamo kuta za kushoto na kulia zinavuka mstari wa katikati, humbana. Kati ya makufuli mawili yenye pini tano, tundu bovu kwa mchokonozi linaweza kuleta tofauti kubwa kuliko kuongeza pini moja.

Hatua ya 2: jaribio la ulegevu

Hili halihitaji ujuzi wowote, ndiyo maana tunalipenda, na makufuli mengi ya bei ya chini huanguka hapahapa.

Kwanza hesabu kidogo. Pini nne zenye ngazi sita za kina zinatoa funguo 1,296 tofauti kwenye karatasi. Pini tano zinatoa 7,776. Pini sita 46,656. Kiwandani hupungua, kwa kuwa michanganyiko mingine haifai. Lakini upungufu mkubwa unatokana na ulegevu. Kufuli lililotengenezwa kwa vipimo vilegevu kiasi cha kutoweza kutofautisha ngazi mbili zinazopakana, ngazi zake sita zinakuwa tatu tu. Pini nne zenye ngazi tatu ni funguo 81. Sasa unaelewa kwa nini ufunguo wa jirani wakati mwingine unafungua kwako.

Nunua makufuli mawili ya kila aina, matatu ukiweza. Jaribu funguo za moja kwenye jingine. Usiishie kuuingiza na kuugeuza: utoe polepole huku ukiugeuza kwa nguvu ndogo na kuutikisa juu na chini, kwa sekunde 30. Fanya hivyo kwa kila ufunguo kwenye kila kufuli la aina hiyo. Likifunguka hata mara moja, aina hiyo imeshindwa na huna sababu ya kuendelea nayo.

Kisha ingiza ufunguo wake halisi, uurudishe nyuma kama milimita 1, ujaribu kugeuza. Kufuli zuri linakataa. Legevu linageuka.

Hatua ya 3: tayarisha meza

Unahitaji jiliwa, na vipande viwili vya mbao vya kuweka kwenye taya zake ili zisikwaruze ganda. Bana kufuli likiwa limefungwa, tundu likikuelekea. Kulishika mkononi ni kosa la kawaida kwa makufuli ya duara: ni mazito, yanateleza, na vidole vikichoka mkazo unabadilika. Utakuwa umepima uchovu wako.

Vifaa vya kuchokonolea ni vitatu. Kikaza, kipande cha chuma kilichopinda pembe mraba, cha kukaza kiini (sehemu ya silinda inayogeuka na ufunguo) kidogokidogo kuelekea upande wa kufungua. Kulabu ya bapa lenye unene wa milimita 0.5 hadi 0.6, ncha ikiwa imeinuka. Na kikwanguo chenye mawimbi matatu hivi. Chuma cha ndani ya mpira wa wipa za gari kinafaa kwa vyote vitatu ukikisugua taratibu kwa tupa. Ukitumia mashine ya kunolea, kichovye majini kila baada ya sekunde mbili au tatu. Chuma kikibadilika rangi ya buluu kimepoteza ugumu wake na kitapinda.

Kabla ya kukaza, geuza ufunguo halisi uone kufuli linafungukia upande gani. Katika baadhi ya makufuli haya unageuza ufunguo kisha unausukuma pembeni ili upinde uteleze. Kiini kikishageuka, hesabu kuwa limefunguka na usimamishe saa.

Hatua ya 4: kukwangua

Weka saa kwenye dakika 2. Kaza kwa nguvu ndogo, sawa na ya kubonyeza kitufe cha simu, uingize kikwanguo hadi mwisho na kukivuta nje huku ukibadilisha pembe. Rudia hadi muda uishe. Fanya majaribio 10 kwa kila kufuli, ukiandika sekunde. Lisilofunguka liandikie “120+”.

Kukwangua ndiko mwizi asiye na ujuzi anakoweza, yeye na wenye funguo malaya. Kwa hiyo matokeo ya hatua hii yana uzito mkubwa kwa mlango wa kawaida kuliko hatua inayofuata. Kufuli linalofunguka mara 3 au zaidi kati ya 10 kwa njia hii lisilinde chochote chenye thamani.

Hatua ya 5: pini moja moja

Hapa makufuli mazuri hutengana na ya wastani, na hapa pia vipimo vingi huharibika.

Kiini kinashikiliwa kwa sababu kila pini ya juu inavuka mpaka kati ya kiini na ganda la silinda. Ungekuwa utengenezaji kamili, pini zote zingebanwa kwa pamoja ukikaza. Haiko hivyo. Matundu ya pini hayakutobolewa kwenye mstari ulionyooka kabisa, kwa hiyo moja inabanwa kwanza. Unaitafuta kwa kulabu: zilizo huru zinacheza, iliyobanwa ni ngumu. Unaiinua hadi isikike mlio mdogo na kiini kisogee unywele. Inayofuata inabanwa, unaitafuta. Kadiri utengenezaji ulivyo sahihi ndivyo tofauti kati ya pini na pini inavyopungua, na ndivyo kazi inavyokuwa ngumu. Usahihi wenyewe ni ulinzi, ingawa hauandikwi kwenye pakiti.

Ulinzi wa pili ni umbo la pini za juu. Pini yenye kiuno imechongwa ikawa nyembamba katikati, kama mtungi. Ukiiinua chini ya mkazo, kiuno kinakaa kwenye mpaka, kiini kinageuka nyuzi chache, halafu kinagoma. Anayeanza hushangilia, akikaza zaidi, na hapo amejifungia. Ili kuipita lazima alegeze mkazo na kuinua pini huku kiini kikirudi nyuma kidogo. Akilegeza mno, pini alizokwisha kuzipanga zinaanguka. Pini yenye meno ina mikwaruzo ya kuzunguka, na kila jino linatoa mlio wa uongo. Kampuni ya American Lock ya Marekani inajulikana kwa kutumia pini za aina hii.

Kwa kipimo chetu, geuko hilo la uongo ni habari. Andika kwenye daftari: kiini kiligeuka kikagoma, ndiyo au hapana? Ukiona kinarudi nyuma unapoinua pini, kuna viuno ndani, hata kama pakiti haikusema. Lisilowahi kuonyesha dalili hiyo kwenye majaribio yote, pengine lina pini za kawaida tupu.

Utaratibu: kikomo cha dakika 5 kwa kila jaribio, majaribio 10 kwa kila kufuli, kwa vikao viwili vya siku tofauti. Usimalize kufuli moja ndipo uende jingine. Mkono unajifunza haraka, na kufuli la mwisho litaonekana laini kwa sababu tu umekuwa fundi zaidi. Panga A, B, C, kisha C, B, A, na kuendelea hivyo. Kufuli moja pia huzoeleka. Kwenye jaribio la nane unajua kwa moyo kwamba pini ya tatu ndiyo ya kwanza. Ndiyo sababu ya kununua mawili ya kila aina: kikao cha pili tumia la pili, lenye ufunguo tofauti.

Usitafute wastani wa kujumlisha na kugawanya. Jaribio moja la sekunde 9 za bahati litaupotosha, na yale ya “300+” hayana namba halisi ya kujumlishwa. Panga matokeo kumi kuanzia dogo hadi kubwa, uchukue la tano na la sita, na katikati yao ndiyo namba ya kufuli. Yote mawili yakiwa “300+”, namba yake ni “300+”. Andika na mara lilipofunguka, kwa mfano 4 kati ya 10.

Likikushinda kabisa, hakikisha kwanza kwamba kosa si lako. Mkazo mkubwa mno ndio kosa namba moja, na dalili yake ni kwamba pini zote zinaonekana ngumu. Kikaza kilichoingizwa sana kikagusa pini ya kwanza ni la pili. La tatu ni kulabu nene kwa tundu jembamba: inasugua ukuta, nawe unadhani unaisikia pini.

Kwa silinda ya visahani

Kulabu na kikwanguo havikufikishi popote hapa, na usiandike “300+” ukajivunia, maana hukuipima. Ndani, kila kisahani kina pengo pembeni. Ufunguo unavizungusha hadi mapengo yote yajipange, na ufito unaolala juu yake unatumbukia na kuachia kiini. Kuichokonoa kunahitaji chombo maalumu chenye sehemu mbili, moja ya kukaza na nyingine ya kuzungusha kisahani kimoja kimoja. Tundu lake halichokonoleki kwa kulabu ya wipa, na ufunguo wa kugonga (utaelezwa Hatua ya 6) hauna cha kurusha kwa kuwa hakuna springi.

Usidhani kwa hiyo kwamba visahani vyote ni sawa. Silinda nafuu ya visahani huwa na vichache, vinavyocheza, visivyo na mapengo ya uongo. Mwenye chombo chake huipanga bila shida. Bora ina visahani vingi, vilivyobana, na mapengo mafupi ya uongo ambamo ufito hujaribu kuingia bila kufika. Bila chombo hicho, ilinganishe kwa ulegevu wa Hatua ya 2 na kwa kutikisa kisahani cha mbele kwa waya: kinavyocheza zaidi, ndivyo kilivyo dhaifu.

Hatua ya 6: njia zinazokwepa silinda

Kufuli lenye silinda nzuri linaweza kuwa na mlango wa nyuma. Ingiza waya mgumu wa milimita 1 hadi mwisho wa tundu, ukijaribu kupita nyuma ya kiini na kusukuma kila kinachogusika kwa dakika 2. Kwenye makufuli mabaya, waya hufikia chuma kinachoshikilia upinde bila pini hata moja kuguswa. Kwa yale yanayojifunga yenyewe ukisukuma upinde, jaribu pia kipande chembamba cha bati la kopo kati ya upinde na ganda. Likifunguka kwa mojawapo, alama zote za hatua zilizotangulia hazina maana tena.

Mwisho kabisa, kwa silinda za pini tu, mwombe fundi wa kuchonga funguo akuchongee ufunguo wenye mabonde yote ya kina cha mwisho. Uingize, uuvute nje tundu moja, uukaze kidogo, uugonge kwa mpini wa bisibisi. Mapigo 20 kwa kila kufuli yanatosha. Hili lifanyike la mwisho kwa kuwa linaumiza pini, na kufuli lililogongwa hivyo lisirudishwe mlangoni.

Kusoma matokeo na alama za pakiti

Lililoshindwa Hatua ya 2 au ya 6 lifute. Kwa yaliyobaki, tazama kukwangua kwanza, pini moja moja baadaye. Tofauti ya sekunde 40 na 55 kati ya makufuli mawili si tofauti; mkono wako mwenyewe unayumba zaidi ya hapo. Ya sekunde 40 na dakika 4 ni ya kweli.

Pakiti ikitaja EN 12320, hicho ni kipimo cha Ulaya chenye daraja 1 hadi 6, na sehemu kubwa yake ni nguvu: kuvuta, kupinda, kukata, kutoboa. Daraja la juu halikuambii kufuli litachokonolewa kwa muda gani. Sold Secure ya Uingereza, iliyoanza mwaka 1992, hupima kwa watu wanaolishambulia kufuli kweli, kwa hiyo alama yake ina uzito zaidi kwa suala hili.

Usisahau nakala. Ufunguo wa pini wa kawaida unachongwa dakika tano kwenye kibanda chochote, hata na mtu aliyeazimwa ufunguo wako mchana. Ule wa mikato ya pembe hauwezi kuchongwa kwenye mashine hizo. Penye wafanyakazi wanaobadilika mara kwa mara, hilo linaweza kuamua ununuzi kuliko dakika zote za jiliwani.

Pwani kuna jambo jingine. Ganda haliliwi na kutu kirahisi, lakini springi na pini za ndani zinaguswa na chumvi ya Tanga, Mombasa au Unguja. Pini iliyokwama juu ni pini isiyokuwepo. Kufuli la pini tano limekuwa la pini nne. Kila baada ya miezi mitatu puliza vumbi, tia unga laini wa grafaiti, ufungue na kufunga mara kumi. Mafuta ya kupikia na grisi hukusanya mchanga. Baada ya mwaka, rudia Hatua ya 2 kwa kufuli lililokuwa mlangoni: likikubali ufunguo uliorudishwa nyuma milimita 1, muda wake umekwisha.